Mama ana kidonda cha kulalia: nimpake nini?

Shikamoo mama muuguzi,

Mimi ni msomaji wa safu hii kutoka Korogwe. Namuuguza mama yangu mzazi, ana miaka 77. Mwezi wa tatu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Tulilazwa, tukaruhusiwa, tukaambiwa tumfanyie mazoezi na asiache dawa za presha. Anaongea japo maneno yanavutika, anatutambua wote, ila hawezi kujigeuza wala kukaa bila kushikiliwa.

Wiki mbili zilizopita, wakati namwogesha, niliona ngozi juu kidogo ya mfereji wa makalio imekuwa nyeusi ya kizambarau, na pana joto kuliko sehemu nyingine. Nikapapaka mafuta na kupasugua kila siku ili damu itembee. Sasa pamechubuka. Kidonda ni kama sarafu ya shilingi 200, rangi ya waridi, hakina kina na hakinuki. Kisigino cha kushoto nacho kimekuwa cheusi na kimelainika, ila ngozi haijapasuka.

Jirani kaniletea kapsuli za amoksilini, nizifungue ninyunyize unga wake. Shangazi anasema spiriti ndiyo itakayokikausha. Dukani wameniuzia ile dawa inayotoa povu. Mjomba yeye anataka tumshushe chini tumlaze kwenye mkeka, eti godoro ndilo linalomchoma. Nimechanganyikiwa. Nimpake nini?

Kuna mambo mengine mawili. Chai na maji vinampalia, anakohoa karibu kila akinywa, lakini uji anaumeza vizuri. Vidonge anashindwa kumeza vizima, kwa hiyo namsagia vyote, nifedipini na aspirini, nampa kwenye kijiko cha uji. La pili ni mimi mwenyewe. Tumezaliwa wanne, lakini niko naye peke yangu pamoja na binti wa kazi anayeondoka jioni. Mgongo unaniuma, usiku silali. Kaka yangu mkubwa yuko Dar, anatuma hela akikumbuka, na nilipomweleza habari za kidonda akaniuliza, "Kwani unamwogesha kweli?" Jirani naye keshasema huo ni uchafu. Nimelia sana.

Binti wa Mama, Korogwe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana na kuuguza.

Utanisamehe, nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita. Kidonda umekiona na umekishtukia mapema. Kinachonitia hofu zaidi ni hiyo chai inayompalia.

Kiharusi kikishadhoofisha misuli ya koo, njia ya hewa huchelewa kujifunga mtu anapomeza. Maji na chai hukimbia kuliko koo linavyoweza kujiwahi, kiasi kikateleza kuelekea mapafuni. Uji mzito huenda polepole, ndiyo maana anaumudu. Kinachoingia mapafuni, pamoja na vijidudu vya mdomoni, huleta homa ya mapafu, na mzee anayeshinda amelala haimchukui siku nyingi kumlemea. Tena wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo. Kwa hiyo baada ya kumeza msikilize akiongea: sauti ikiwa ya majimaji, kana kwamba ana kohozi kooni, kitu kimebaki njiani. Macho kutoa machozi wakati wa kula, kuhema haraka baada ya kula, au homa za jioni zisizoeleweka, zote zihesabu.

Mpaka apimwe namna anavyomeza, acha vinywaji vyepesi vyote: maji, chai, juisi, maziwa matupu na supu nyembamba. Maji ya mwili wake yapite kwenye uji, mtindi mzito, supu iliyopondewa viazi au ndizi mpaka ikashikana. Kipimo ni kijiko: ukikiinamisha, kilichomo kidondoke kwa bonge, kisitiririke. Tikitimaji na chungwa vina hila, maana vinaingia mdomoni vikiwa vigumu, vikitafunwa vinageuka maji. Vyakula vyenye punje na mchuzi pamoja, kama wali na supu, humchanganya hivyohivyo. Koo linaambiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Wakati wa kumlisha awe macho kabisa na amekaa wima, mito miwili nyuma, mmoja upande wa kushoto asiegemee. Kidevu kiinamishwe kidogo kuelekea kifuani. Hapa wengi hufanya kinyume, wanamwinua mgonjwa uso juu ili kitu kishuke, na hapo ndipo njia ya hewa inapofunguka zaidi. Wewe kaa usawa wake, usisimame, kwa sababu ukisimama atakutazama juu. Mpe nusu kijiko cha chai kwa wakati, kiingie upande wa kulia wa mdomo, ambako ana hisia. Subiri. Tazama koo lipande na kushuka, ndipo ulete kijiko kingine. Usitumie mrija, wala kumsukumia kwa bomba la sindano. Akimaliza, pitisha kidole chenye kitambaa kibichi kwenye shavu la kushoto, chakula hujificha humo bila yeye kujua. Kisha abaki amekaa kwa dakika 30. Meno, ulimi na fizi zipigwe mswaki laini asubuhi na usiku, hata kama meno yamebaki matatu. Mdomo mchafu ndio unaofanya tone dogo la mate liwe homa ya mapafu.

Kuhusu vidonge: acha kusaga nifedipini leo. Nifedipini nyingi za presha, hasa za miligramu 20, hutengenezwa ziachie dawa taratibu kwa saa nyingi. Ukiisaga, dozi yote inaingia kwa mpigo, presha inaporomoka ghafla, na kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi kuporomoka huko kunaweza kuleta kingine. Angalia boksi: neno Retard au herufi SR, XR, MR au LA maana yake hakisagwi, hakivunjwi. Lakini usimwachishe dawa za presha kwa hofu hiyo. Nenda kesho na boksi kwa daktari au mfamasia, mwambie mama hawezi kumeza kidonge kizima, akubadilishie. Amlodipini, kwa mfano, inasagika. Aspirini nayo iulizie, kuna yenye ganda la kulinda tumbo, hiyo haifai kusagwa. Na ukishapewa zinazosagika, saga kila moja peke yake, changanya na kijiko kimoja cha uji, siyo bakuli zima, maana akibakiza uji amebakiza dawa.

Sasa kidonda.

Hakikuletwa na uchafu. Mtu anaweza kuogeshwa mara tatu kwa siku kwa sabuni nzuri na bado akakipata. Uzito wa mwili unapokaa mahali pamoja, nyama huminywa katikati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu inabanwa, na sehemu ile inakosa hewa na chakula. Wewe na mimi tukikaa vibaya tunajisogeza bila hata kujua. Mama hawezi. Nyama huanza kufa chini, karibu na mfupa, ngozi ya juu ikionyesha baadaye; ndiyo maana ile rangi ya zambarau ilitangulia na mchubuko ukafuata. Ulipoisugua uliichana zaidi nyama iliyokwisha kulegea. Hiyo acha kabisa. Ngozi iliyobadilika rangi haisuguliwi, iwe kwa mafuta au kwa mkono mkavu.

Kwa hiyo swali lako la kumpaka nini nitalijibu, lakini linakuja la tatu. La kwanza ni kuondoa uzito, la pili ni chakula. Kidonda kilichopakwa dawa ya bei kubwa huku kikilaliwa hakiponi, na chenye uzito ulioondolewa huanza kujaa hata kwa maji ya chumvi matupu.

Mjomba yuko sahihi kwamba godoro linahusika, ila mkeka utamwongezea. Kitu kigumu chini ya mfupa ndicho tunachokikimbia, na wewe ukipiga magoti mara nane kwa siku huo mgongo hautakuwepo mwezi ujao. Lipime godoro hivi: mama akiwa amelala, pitisha mkono chini ya godoro usawa wa makalio, kiganja kikiangalia juu. Ukiuhisi mwili wake, au sponji iliyobaki ni pungufu ya inchi 1, godoro limekwisha hata kama kwa nje linapendeza. Mnunulie la sponji nzito. Hela ikipatikana, kuna godoro la hewa lenye pampu, linatandikwa juu ya lile la kawaida, na vyumba vyake hujaa na kupungua kwa zamu. Linasaidia, lakini halimgeuzi mgonjwa. Utaendelea kumgeuza, na umeme ukikatika linalala. Pete za mpira za kukalia, zile zenye tundu katikati, usinunue. Zinabana damu kuzunguka kidonda chenyewe.

Kugeuza kuna namna yake. Kwanza mwambie, "Mama, nakugeuza kulia," kwa sababu anaelewa na akishtukizwa atakaza mwili. Simama upande unaomgeuzia. Kunja goti la mguu utakaokuwa juu, mkono wake uliopooza uweke juu ya tumbo. Shika nyuma ya bega na nyuma ya nyonga, vuta kwa kurudi nyuma na uzito wa mwili wako, magoti yako yakiwa yamekunjwa kidogo. Binti achomeke mto mgongoni kuanzia bega mpaka kiunoni, halafu muachie mama auegemee. Usimlaze ubavu kamili, maana mfupa wa nyonga nao utafanya kidonda chake. Tunataka nyuzi 30, yaani theluthi tu ya njia kutoka chali kwenda ubavu. Mto mwingine uwe katikati ya magoti.

Sasa hakiki. Ingiza kiganja, bapa, chini ya mfupa wa mkia. Kikipita bila kubanwa, na upande wa nyonga aliyoilalia ukahisi uzito umekaa kwenye nyama ya kalio na siyo kwenye mfupa, umepatia. Kikibanwa, sogeza mto. Ni sekunde chache, na ndiyo inayotenganisha kugeuza kwa kweli na kubadilisha tu anakotazama. Akilalia kushoto, lile bega lililopooza livute mbele kidogo lisibaki limebanwa chini. Na kamwe asinyanyuliwe kwa kushikwa kwapani wala kwa kuvutwa mkono wa kushoto; bega la mtu aliyepooza huchomoka kirahisi na maumivu yake hayaishi.

Kumpandisha kitandani anapoteleza, msimburute. Kuburuta humenya ngozi juu ya mfupa. Tandikeni shuka nene iliyokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, mmoja kila upande aikunjie karibu na mwili, mnyanyue kidogo na kumsogeza kwa pamoja. Kitenge kinafaa, kanga ikishachakaa huchanika. Ili asiteleze, weka mto chini ya magoti kabla hujamwinua kichwa, na nje ya muda wa kula kichwa kisizidi nyuzi 30.

Ratiba: kwa kuwa kidonda kiko nyuma, asilale chali. Mchana kila baada ya saa 2, kulia, kushoto, kulia. Usiku, na hapa nataka ulale, mgeuze saa 4, saa 8 na saa 12 alfajiri, mradi godoro limefaulu kile kipimo cha mkono. Alfajiri kagua ngozi kwa taa. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono: sehemu yenye joto au baridi tofauti, ngumu au yenye kubonyea kuliko jirani yake, au iliyoingia giza na haijarudi nusu saa baada ya kuondolewa uzito, hiyo imechoka. Ukiikuta, usiku unaofuata fupisha, umgeuze kila baada ya saa 3. Kagua mfupa wa mkia, nyonga zote mbili, vifundo, visigino, mabega, viwiko, kisogo na masikio.

Akikaa kwenye kiti, uzito wote unaangukia makalio. Mara tatu kwa siku, isizidi saa 1 kila mara, na hiyo inaingia vizuri kwenye milo: nusu saa kumlisha, nusu saa ya kubaki wima.

Kisigino cha kushoto usikiguse kwa dawa yoyote. Ngozi ikiwa nyeusi lakini nzima, ndiyo bandeji bora uliyonayo, usitoboe, usimenye. Kifanye kielee: mto urefu wote chini ya shavu la mguu, kuanzia chini ya goti mpaka juu kidogo ya kifundo, kisigino kining'inie hewani, karatasi iweze kupita chini yake. Glovu zilizojazwa maji, ambazo nimeona watu wakiziweka chini ya visigino, hazisaidii, zinarudisha uzito palepale. Kikianza kutoa maji, kunuka au kuvimba kuzunguka, ni hospitali siku hiyohiyo.

Haya, kupaka. Kwa kidonda ulichonielezea, chenye rangi ya waridi na kisicho na kina, unahitaji maji ya chumvi, mafuta ya mgando, gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) na plasta. Chemsha lita 1 ya maji na vijiko vya chai 1 na nusu vya chumvi, vilivyosawazishwa, kwa dakika 5, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Yanatumika siku moja, kesho chemsha mengine. Nawa mikono, vaa glovu, mimina maji juu ya kidonda yatiririke, usikisugue. Kausha ngozi ya pembeni kwa kugusagusa, kidonda chenyewe kiache na unyevu. Pakaa mafuta ya mgando kwenye gozi, siyo kwenye kidonda, ifunike, ibane kwa plasta pembeni. Badilisha mara moja kwa siku, na kila inapochafuka kwa choo au mkojo. Gozi kavu hunata, na ukiibandua asubuhi unaondoka na ngozi changa iliyoota usiku kucha.

Spiriti na ile ya povu huua vijidudu, ndiyo, lakini huua na nyama mpya, ambayo ndiyo tunayoitafuta. Fikra ya kwamba kidonda lazima kikaushwe ndiyo inayowachelewesha wengi. Ngozi hutambaa juu ya unyevu, ikikuta kigaga inakwama. Unga wa amoksilini unafanya uji mkavu juu ya kidonda, haufiki palipo na shida, unaweza kuleta mzio na unawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Kama kidonda kimeingia maambukizi, dawa inayofaa inamezwa kwa dozi iliyoandikwa na daktari. Asali mtaletewa pia, nina hakika. Asali iliyoandaliwa kwa ajili ya vidonda hutumika hospitalini, lakini ya barabarani hujui ina sukari kiasi gani, iache kwenye uji.

Piga picha ya kidonda kila Jumamosi, rula ikiwa pembeni. Macho yanayokiona kila siku hayaoni kinachobadilika. Kwa utaratibu huu kidonda chepesi kama hicho huanza kupungua ndani ya wiki mbili. Kisipopungua, mpeleke kikaangaliwe.

Pampasi: ikague kila saa 3 anapokuwa macho, na ikichafuka kwa choo usisubiri hata dakika 10. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha kwa kugusa, kisha paka krimu ya zinki au mafuta ya mgando tabaka jembamba kwenye ngozi nzima inayopata mkojo. Usichanganye poda na mafuta, vinaganda kwenye mikunjo na kukwaruza. Usimvalishe mbili kwa kuhofia kuvuja, joto lake ni baya kuliko shuka lililolowa. Usiku itandaze chini yake bila kuifunga. Na kama umetandika nailoni kuokoa godoro, iwe kipande cha kiunoni tu, na juu yake shuka la pamba lisilo na mikunjo.

Chakula. Kidonda kinajengwa kwa protini, na mwenye kidonda cha kulalia anahitaji gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tuseme mama ana kilo 50, ni gramu 62 hadi 75. Uji na chai havifiki hata robo. Mayai 2 yana gramu kama 12. Vikombe 2 vya maziwa vya mililita 250, ukivipikia kwenye uji, ni 16. Samaki asiye na miiba, gramu 100 aliyepondwa, 20. Kikombe cha maharage yaliyoiva, yaliyopondwa na kuchujwa maganda, 15. Siagi ya karanga vijiko 2 vya chakula kwenye uji wa asubuhi, 7. Jumla 70, na hakuna cha kuagiza nje ya soko la Korogwe. Dagaa waliosagwa laini na kuchekechwa ni akiba nzuri siku samaki hakuna. Asipomaliza, gawa milo mitatu iwe mitano midogo. Ila kama aliwahi kuambiwa figo zina shida, usipandishe protini kabla ya kuongea na daktari. Mkojo wake ukiwa na rangi ya majani makavu, maji yanatosha. Ukiwa wa chai ya rangi, hayatoshi. Choo kikikosekana siku 3, sema zahanati. Na akianza kuvujavuja kinyesi cha maji baada ya siku hizo, msikimbilie dawa ya kuharisha, mara nyingi ni choo kigumu kilichokwama na majimaji yanapita pembeni.

Usisubiri kliniki ukiona haya: homa, au kuchanganyikiwa na kulala kupita kawaida hata bila homa (maana mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usichemke), usaha, harufu, au uvimbe wa moto kuzunguka kidonda, weusi ndani ya kidonda au mfupa kuonekana, kupumua zaidi ya mara 24 kwa dakika akiwa ametulia, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko la mwingine, mdomo kupinda upya au upande wa kulia kulegea.

Umebaki wewe. Kitanda kiinuliwe kwa matofali kila mguu, mpaka godoro lifike usawa wa nyonga zako unapomhudumia, pande zote mbili zikiwekewa viti vizito usiku. Kuinama ndiko kunakokuua mgongo, kuliko uzito wa mama. Kwa ndugu, acha kuomba "msaada", omba kitu chenye jina. Kaka wa Dar: godoro mwezi huu, na pampasi na gozi za kila mwezi, tarehe ileile. Wale wawili waliobaki: kila mmoja alipie au aje alale usiku mmoja kwa wiki, hizo ni alfajiri mbili unazoamka umelala. Bandika ratiba ya kugeuza ukutani, kila anayegeuza aandike saa na jina. Kaka akiuliza tena kama unamwogesha, mtumie picha ya karatasi hiyo bila maneno mengine.

Mama pia ana haki zake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Kama hana kitambulisho cha mzee, anza kwa mtendaji wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Hospitalini ulizia dirisha la wazee, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kwenu mwombe apite nyumbani.

Siku ya kumpeleka, na iwe wiki hii, kwenye bajaji asikae juu ya kidonda. Kiti chote cha nyuma kiwe chake, aegemee mto kwa ule mlalo wa theluthi, wewe umshikilie. Beba maboksi yote ya dawa na picha za kidonda. Omba mambo matano: apimwe kumeza, abadilishiwe nifedipini, apimwe sukari, apimwe wingi wa damu, na fiziotherapia wamwone bega na wakufundishe mazoezi ya mkono. Presha yake ipimwe mkono wa kulia, ule mzima. Wakikuambia endelea na dawa zilezile bila kuuliza anamezaje, rudia swali.